Jibu la Asante ya Bwana Mashati

Mama Pasi hakuwa mama wa mtu. Jina alipewa kule chini, kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, kwa jinsi alivyonyoosha mashati ya wageni mpaka kola zikasimama zenyewe. Wiki ile joto la pasi lilikuwa nafuu kuliko lililokuwa kifuani mwake.

Mdogo wake, waliyemwita Cheka kwa kupenda kucheka, alisafisha vyumba vya ghorofa ya tatu. Huko alikaa mgeni wa siku nyingi, Bwana Mashati, mwenye mikono isiyotulia. Kila Cheka akiinama kutandika, yule bwana alirudi chumbani, eti kasahau kitu. Juzi alifunga mlango. Cheka alijichomoa, akateremka ngazi mbio na kifungo cha sare kimekatika, na tangu hapo hakuna aliyemsikia akicheka.

Mama Pasi akaenda kwa meneja kuomba mdogo wake ahamishwe ghorofa.

"Nitaangalia," alisema meneja. Akaangalia simu yake.

Kesho yake asubuhi meneja akawakusanya jikoni kuwafundisha adabu za wageni.

"Mgeni akisema asante, hunyamazi, wala husemi haya. Unasema yu welkam."

"Si ndiyo karibu hiyo, bosi?" mpishi akauliza. "Namkaribisha wapi tena, na keshaingia, keshakula, keshashiba?"

Wakaangua kicheko. Meneja akangoja kiishe, kisha akaeleza taratibu, akilionea fahari lile neno kama kalitunga yeye. Hapo kale, alisema, Waingereza walimwita hivyo mgeni ambaye kuja kwake kunatakiwa, mtu ambaye ukimwona mlangoni roho yako inafurahi. Ilipita miaka mingi ndipo likawa jibu la asante. "Kwa hiyo unamwambia hukunisumbua, nafurahi upo hapa. Na mseme kwa moyo, siyo kama mnatema maganda."

Mama Pasi akalitia akilini.

Mchana alipandisha mashati mapokezi. Bwana Mashati alikuwa amesimama na meneja, wanagongana mabega kama mashemeji. Mgeni akayapokea mashati.

"Asante sana, mama."

Mama Pasi akaitazama ile mikono.

"Mjibu mgeni," meneja akasema, meno yote nje.

"Nimemsikia."

"Mjibu nilivyofundisha."

"Lile siwezi kumwambia huyu."

Bwana Mashati akacheka kipuani, akaenda zake kwenye lifti. Meneja akamvuta Mama Pasi hadi nyuma ya ngazi.

"Unaniaibisha mbele ya mgeni? Neno tu hilo."

"Asubuhi lilikuwa na ukoo na moyo. Saa hizi limekuwa neno tu?"

"Wewe mama, kazi unaitaka?"

"Naitaka. Mhamishe mdogo wangu, na yule nitamwambia mpaka mate yanikauke."

"Haiwezekani." Meneja akashusha sauti. "Mgeni mwenyewe kaomba chumba chake kisafishwe na yule yule."

Mama Pasi alihisi damu ikimpanda mpaka masikioni. Kumbe meneja alijua. Alipokuwa akisema ataangalia, alikuwa keshamuuza Cheka.

Hakurudi kwenye pasi. Alipanda ngazi. Cheka alikuwa nje ya chumba cha mwisho, cha Bwana Mashati, mashuka mikononi, anajipa moyo. Sheria ya hoteli ni toroli la usafi likae ukutani, wageni wapite. Mama Pasi akalivuta, akalisukumiza mlangoni mpaka mlango usiweze kufungika.

"Ingia, tandika. Mimi nipo."

"Dada, utafukuzwa."

"Tandika."

Bwana Mashati alikuwa kitini. Akainuka, akaliona toroli na nyuma yake mwanamke aliyekunja mikono, akaketi. Cheka akatandika, akaweka taulo.

"Asante, mrembo."

Mdomo wa Cheka ukafunguka kwa mazoea. Kisha akaufumba, akabeba mashuka machafu, akatoka.

Bwana Mashati akapiga simu mapokezi. Meneja akafika anahema.

"Kesho wote wawili chini, kwenye pasi. Huko hakuna bakshishi, na hakuna wa kuwaambia asante."

Cheka akashusha pumzi. Walichokiomba kwa heshima walitupiwa kama mfupa. Mama Pasi hakushukuru.

"Na hapa kesho anapanda nani?"

"Hayo hayakuhusu. Yupo msichana mpya."

"Nionyeshe ni yupi, nimwambie kabla hajapanda."

"Shuka chini."

Cheka akamshika dada yake mkono. Mama Pasi akautoa polepole, akauweka wake juu ya toroli, akabaki pale pale mlangoni akingoja aambiwe ni yupi.