Sauti Iliyobaki Kwenye Kona ya Ipogolo

Asubuhi moja ya mwaka 1954, Tupokigwe alipanda basi mjini Iringa akiwa na mtoto mgongoni, kikapu cha vitunguu alichopewa na dada yake, na chupa ya chai. Alikaa dirishani. Basi lilipoanza kuteremka kuelekea Ipogolo mtoto alilia, naye akamhamishia kifuani na kumwimbia wimbo aliotunga mwenyewe, usio na makuu: kwamba Asukile ana miguu minene, kwamba baba yake anamngoja, kwamba nyumbani si mbali. Kwenye kona ya mwisho breki zilikataa kushika.

Basi lililala ubavu. Mtoto hakupata hata mchubuko. Tupokigwe aliumia shingo na taya, na sauti yake ilibaki pale konani. Waliokuja kuokoa watu waliisikia ikiendelea kuimba juu ya majani, hali mwenyewe amekwisha kupakiwa kwenye lori la kwenda hospitali. Waliifuata wakidhani kuna majeruhi mwingine. Walipoona hakuna mtu, waliokota vitunguu wakaenda zao.

Mumewe, Lutengano, mkulima wa viazi, alimrudisha kwao milimani juu ya Mbeya. Kidonda cha shingo kilitoa usaha kwa miezi. Mtoto alipolia, Tupokigwe alimpakata, akafungua kinywa, na hakikutoka kitu. Mtoto alimtazama mdomoni, akangoja kidogo, kisha akalia zaidi. Hilo lilimuuma Lutengano kuliko kidonda chenyewe. Alikuwa akitoka nje na kujifanya anatafuta jembe.

Huko Ipogolo sauti iliendelea na wimbo wake, mvua na jua. Madereva wa malori walizoea kupunguza mwendo wakifika pale. Mama mmoja wa Kalenga aliweka meza ya chai na mihogo, maana abiria walipenda kushuka na kusikiliza.

Kila mwezi Joachim, wakala wa kampuni ya basi pale Mbeya, alipanda mlima kuja kumjulia hali mgonjwa. Alileta sukari, sabuni, na salamu za mwenye basi. Alikuwa mtu wa Iringa, Mkristo mwenzao, na alisali vizuri hata wakwe wakamsifu.

"Kamwene, mama Asukile," alisalimu kwa lugha ya kwao, akivua kofia. "Kidonda kinaendeleaje?"

Tupokigwe alitikisa kichwa.

"Basi tuuguze kwanza. Ya fidia tutaongea kidonda kikikauka. Au siyo, baba Asukile?"

"Ndivyo," alisema Lutengano, akamsogezea maji ya kunawa.

Na kweli ndivyo watu wa pale walivyofanya tangu zamani. Aliyekuumiza huja kukuangalia, mnakula naye, mnangoja kidonda kifunge. Ndipo wazee hukaa na kutazama kilichosalia, naye hulipa kwa kile kilichokosekana. Kudai wakati damu ingali mbichi ni uroho, na kumshtaki mtu aliyekula ugali kwako ni aibu ya ukoo mzima. Joachim aliyajua hayo, kwa maana hata kwao Iringa desturi ni hiyohiyo. Sheria ya serikali aliijua pia.

Kidonda kilikauka mwaka uliofuata, viazi vilipokuwa vinachimbwa. Lutengano aliwaita wazee, Tupokigwe akapika maharage sufuria kubwa, na Joachim hakutokea. Mwezi uliofuata hakutokea tena.

"Mwenzetu anaumwa," Lutengano alimwambia mkewe. "Yeye ametuuguza muda wote huu. Sisi tukae tu?"

Walimfunga jogoo miguu, wakateremka naye mjini.

Joachim alikuwa mzima. Walimkuta barazani ananyoa ndevu. Aliwatazama, akamtazama jogoo, akafuta povu shavuni.

"Kisheria madai ya kuumizwa yana mwaka mmoja tu," alisema. "Mwaka umekwisha."

"Si ulisema tungoje kidonda?"

"Nilitumwa, baba Asukile. Nina watoto na mimi."

Jogoo walimwachia, kwa sababu zawadi ya mgonjwa hairudi nyumbani, hata kama mgonjwa hana ugonjwa.

Kortini waliketishwa na karani Yunusu, mtu mwenye asili ya pwani, mpole, aliyesikiliza mpaka mwisho bila kukatiza.

"Poleni sana, ndugu zangu," alisema. "Mngekuja na hicho kidonda kikiwa kibichi, tungekipokea."

"Kumbe sheria haimngojei mtu apone?"

"Haimngojei."

Hata hivyo Yunusu alijaribu. Sauti ile alikuwa ameisikia mwenyewe alipokwenda Iringa kumzika shangazi yake. Alimweleza hakimu kwamba kwa ile sauti ajali haijatokea bado, kwa kuwa wimbo haujafika mwisho, kwa hiyo hata mwaka haujaanza. Hakimu alikubali kwamba sauti ipo, maana naye aliwahi kunywa chai pale konani, lakini akasema mwaka huhesabiwa kwa kalenda. Kampuni ikaongeza, bila kuulizwa, kwamba sauti inayosikiwa na abiria wote haiwezi kusemwa imepotea. Shauri likafungwa kabla ya chakula cha mchana.

Basi wakaenda kuichukua sauti wenyewe. Tupokigwe alisimama katikati ya majani, pale iliposikika zaidi, akafungua kinywa na kungoja. Sauti ilimpita usoni ikaenda kwa mtoto. Haikumtambua. Ilikuwa sauti ya mwanamke mwenye shingo safi, na huyu alikuwa na kovu. Mtoto alinyamaza, akalegea, akalala. Alikuwa hajalala vile tangu ajali, na Lutengano alilia mbele za watu wa chai wala hakujali.

Baada ya hapo walikwenda Ipogolo kila mavuno yakiisha. Walipanda basi la kampuni ileile, kwa kuwa njia hiyo haikuwa na jingine.

Asukile alianza kusema. Alianza na baba, akafuatia jina la mbwa. Safari moja, wakati wa kuondoka konani, Tupokigwe alimnyanyua, naye akajinyonganyonga, akanyoosha mikono kuelekea majani matupu.

"Mama!" alilia. "Mama! Mama!"

Tupokigwe alimbana kifuani akapanda naye basi. Abiria mmoja, mwanamke wa makamo, alisogea kuwapisha.

"Jamani, anamlilia nani?"

"Mama yake," alijibu Lutengano.

Yule mwanamke alisikiliza wimbo unaotoka nje, kisha akamgeukia Tupokigwe na kumshika mkono kwa huruma.

"Mungu akubariki, dada," alisema, "kwa kumlea mtoto wa mwenzio."

Tupokigwe aliinamisha kichwa kushukuru, na basi likaondoka.