Ruhusa ya Kuvunja

Ukuta wa jikoni ulikuwa umepinda, na mama aliijua nyumba yake kwa kupinda huko. Nyumba halisi ilishabomolewa kupisha barabara. Hii ilikuwa ya matofali ya kwenye mchezo wa simu. Bintiye, msusi, aliijenga upya kwenye seva ya jirani, fundi simu ambaye kila mtu alimwita Meya kwa kuwa mji wote humo ni wake.

Kila alasiri, wateja wakisukwa na umbea umepamba moto, mama aliketi pembeni ya saluni na tableti mapajani, akitembea humo chumba kwa chumba. Majina ya wanawe yalishaanza kumponyoka. Ila akifika kwenye ukuta ule alitabasamu. "Baba yenu huyo. Alipima kwa macho."

Kisha kaka mtu akaunyoosha.

Hakuwa na ubaya. Ni fundi bomba, mtu wa kazi safi. Aliona kombo, mkono ukamwasha. Kesho yake mama alizunguka nyumba nzima, akamrudishia binti tableti.

"Nyumba nzuri. Ya nani?"

Msusi aliupindisha tena ukuta, akamfuta kaka yake kwenye ruhusa ya nyumba, na simu zake akaacha kupokea. Lakini wapi! Mama alipita jikoni kama mgeni anayetafuta choo.

"Meya, mji gani huu?" msusi alimvaa jirani. "Mtu aje kunisalimia tu, nimkabidhi na nyundo?"

Kweli, seva ile ilikuwa na ruhusa moja: umpe mtu yote, au hata mlango asifungue.

"Nikirekebisha utanilipa nini?"

"Nitakusuka bure."

"Huu upara?" Saluni ikaangua kicheko. Lakini Meya alikaa nalo, akaigawa ruhusa: kufungua mlango, kuweka tofali, kuvunja tofali. Kila mtu na kipimo chake.

Msusi akajiwekea zote yeye peke yake. Roho ikatulia, mpaka siku mama aliposimama kwenye chumba cha watoto wa kiume.

"Mbona giza? Dirisha la yule mtoto liko wapi?"

"Mtoto gani, mama?"

"Aliyekuwa akitorokea hapo."

Msusi aliacha kusuka. Chumba kile hakuwahi kulala. Aliyejua dirisha lilikuwa wapi ni mtu mmoja tu.

Alipopigiwa simu, kaka mtu alikuja na ovaroli lake lililolowa, akasimama mlangoni kama mdaiwa. Akaangalia simu yake.

"Umenipa kuweka tu?"

"Kuweka tu. Mkono wako naujua."

"Mdogo wangu, dirisha halibandikwi juu ya ukuta. Lazima mtu avunje."

Kwa hiyo alionyesha, dada akavunja.

"Chini. Chini tena. Nilikuwa mfupi."

"Hapa?"

"Hapo." Akaweka kioo. Kikakaa upande. Msusi akamtazama.

"Liache," alisema kaka mtu. "Hivyo hivyo ndivyo lilivyokuwa."

Mteja mwenye kichwa kilichosukwa nusu alikuwa amesahau kulalamika. Mama akapokea tableti. Alisimama dirishani muda mrefu, akaenda jikoni, akagusa kioo cha tableti kwa kidole, pale ukuta ulipopinda.

"Alipima kwa macho, huyo."

Mama akaendelea hadi mlango wa mbele, akasita.

"Mmefunga. Baba yenu akirudi ataingiaje?"

Baba alitangulia kufa, nyumba ikafuata. Ndugu wawili hawakutazamana. Msusi aliandika jina la marehemu kwenye ruhusa, seva ikalikataa. *Mchezaji huyu hajawahi kuingia.* Akaandika tena. Ikakataa tena.

"Weka kila mtu," alinong'ona kaka yake. "Mlango tu."

Akaweka: kila mtu, kufungua. Kuvunja, hakuna.

Kabla saluni haijafungwa, mchezaji wasiyemjua alisukuma mlango, akaingia sebuleni, akasimama tu katikati. Mama aliinama karibu na kioo cha tableti, akajitengeneza kitambaa cha kichwa.

"Karibu," alisema. "Umechelewa."