Kosa Lililomhamia Fundi Vipimo

Saa moja na nusu asubuhi, kabla mgonjwa wa kwanza hajaingia, Fundi Vipimo alikilaza kichwa cha plastiki cha majaribio juu ya kitanda cha mashine ya kuchoma uvimbe kwa mionzi. Ndani yake mlikuwa na filamu ya kunasa mionzi. Mashine ilikipiga picha, ikajua kimelalaje, kisha mkono wa roboti ukakizunguka na kukichoma mionzi, nukta moja tu. Kazi ya fundi ilikuwa kuitoa filamu na kupima nukta imeikosa shabaha kwa kiasi gani. Siku zote ilikosa kwa nusu milimita, na kwa nusu milimita hiyo fundi alitembea kifua mbele kama aliyeizaa mwenyewe.

Jumatatu hiyo ilikosa kwa sifuri.

Alipima mara tatu, akaandika daftarini, akaenda kunywa chai. Akakaa hatua moja kando ya kiti.

"Kiti kiko huku, fundi," muuguzi alisema, akihamisha kikombe chake kisimwagike.

Kosa halifi; likifukuzwa hapa huhamia pale. Lilikuwa limetoka mashinini likamwingia yeye, na kwa kuwa mtu si chuma, nusu milimita ilinawiri ikawa hatua nzima. Jioni aliingia kwa jirani, akavua viatu, akauliza chakula. Jirani alimpakulia, kisha akamwonyesha kwake. Mke wa fundi alisogeza meza na kitanda hatua moja kushoto.

"Umezoea kupima wenzio," alisema. "Leo zamu yako."

"Bwana Milimita," fundi alijicheka, akipiga sikio mswaki.

Angeweza kulirudisha kosa mashinini. Jumatano aliweka kiganja juu ya mkono wa roboti (mara ya kwanza alishika ukuta), na papo hapo nukta ikakosa kwa nusu milimita, naye akakaa kitini kama watu. Lakini Alhamisi ilikuwa zamu ya dada yake. Uvimbe ulikaa nyuma ya jicho lake la kulia, umeiegemea neva ya kuonea kama mpangaji aliyegoma kuhama. Kati yao usingepitisha unywele. Jicho lilikuwa linaona ukungu. Likiwahiwa, daktari alisema, litapona. Fundi akaweka kiganja tena, akalichukua kosa lake.

"Mdogo wangu, mbona unausalimia ukuta?" dada aliuliza akijilaza.

"Nakusalimia wewe, dada."

"Mimi niko huku. Na hiyo mashine inaona kama wewe?"

"Hiyo haikosei hata chembe."

"Afadhali mmoja wenu ana akili."

Mashine ilipiga pale pale. Miezi mitatu baadaye picha zilionyesha uvimbe umesinyaa kama zabibu kavu. Daktari akamziba dada jicho la kushoto, akanyoosha vidole.

"Vingapi?"

"Vidole gani?" dada aliuliza.

Neva haikuguswa na mionzi. Ilikuwa imekufa yenyewe kwa kusubiri. Barua ya rufaa ya kumleta dada hospitalini ilipigwa muhuri miezi minane kabla ya Alhamisi ile, na faili lake likalala katika kabati la mapokezi, chini ya mafaili ya jamaa za wakubwa. Fundi alilipita kabati hilo kila asubuhi, kichwa cha plastiki kwapani, akiwaza sehemu ya kumi ya milimita.

Alimwendea mkurugenzi, au tuseme alikiendea chungu cha maua kilichokuwa kando yake.

"Tunaruhusu kukosea milimita moja," alikiambia. "Miezi je, mwisho mingapi?"

"Miezi haina filamu," mkurugenzi alijibu kwa upole. "Geuka huku kidogo."

Nje, dada alimwona anakuja, akasogea hatua moja kwenye benchi ili akikosea aangukie mahali pake.

"Usijitese, mdogo wangu. Wewe ulilenga vizuri," alisema. "Na wale walioliweka faili langu chini nao walilenga vizuri."

Kesho yake kulikuwa na wagonjwa wengine, kwa hiyo kosa alibaki nalo. Alipima filamu, akaandika "sifuri." Neno likaangukia mezani, nje ya daftari, ambako muuguzi alikuwa ameshatandika karatasi. Kila kitu kilikuwa kimemsogelea fundi hatua moja: kiti, kikombe, mlango wa kwake.

Kabati la mapokezi halikusogea hata milimita.