Mzee Aliyekosea Makusudi

Wakwe zake Benadetha walishatoa neno pale kijijini Maguu: kahawa ikiisha kuchumwa, mjane wa mtoto wao arudi kwao Mpepai, watoto wabaki. Mdogo alikuwa bado hajaacha kushika upindo wa khanga yake. Dawa ilikuwa moja tu, apate kazi ya mshahara, apange chumba Mbinga na wanawe. Mwaka ule soko huria lilipoanza, wanunuzi wa kahawa walimiminika mjini kama kumbikumbi, na kampuni moja ilitafuta karani wa kupokea mizigo. Sharti ajue Kiingereza, maana wenye mali walikuwa wageni.

Kiingereza cha Benadetha kiliishia darasa la saba, na hapo kilipoishia hakikuwa kimefika mbali.

Dada yake Walburga, aliyeokota Kiingereza akiwapikia masista, alimfundisha wakichuma kahawa.

"Nakupa jembe, utalirudisha: *lend*. Wewe unalichukua kwangu: *borrow*. Haya, *teach*?"

"Ya mwalimu."

"*Learn*?"

"Ya mimi mwenye kichwa cha boga."

"Boga linalika, mdogo wangu. Hicho chako hata mbuzi atakisusa."

Wakacheka, kisha Benadetha akalia palepale shambani, akapenga kamasi, akaanza upya. Aliyasema maneno hayo kisimani. Aliyasema kanisani paroko akihubiri, hadi jirani yake kwenye benchi akasogea mbali.

Siku ya usaili, nyuma ya meza alikaa meneja, Bwana Sixbert, mvi kichwa kizima. Benadetha akapiga goti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. *Borrow me your pen.* Nimesema sawasawa?"

*Lend!* Neno lilimgonga kwenye meno. Lakini mtu wa rika la baba yako, umempigia goti sasa hivi, unamwambiaje amekosea? Akampa kalamu kwa mikono miwili.

"Sawasawa, baba."

"*I will learn you this work.* Je?"

"Sawa, baba."

"Asante, mama. Mwingine!"

Benadetha akatoka barazani. Dirishani akamsikia kijana Praygod, aliyeitwa baada yake akaingia mikono mfukoni: "Umekosea, mzee! Ni *lend*!" Meneja akacheka kwa furaha.

Benadetha akarudi ndani bila hodi.

"Nilijua, baba. *Lend. Teach.* Yote nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Nikukosoe kwa mdomo uleule uliokuamkia?"

Praygod akaguna. Meneja hakucheka. "Hapa wazee watakuja na kahawa isiyokauka. Utawaamkia tu?" Akainuka, akamwongoza hadi kwenye mizani.

Wa kwanza kwenye foleni alikuwa katekista Tarsisi, aliyemfundisha Benadetha ishara ya msalaba.

"Mwanangu!" akafurahi mzee. "Pima upesi, nimetoka mbali."

Benadetha akatia mkono guniani, akauma punje moja. Ikabonyea. Alitamani imvunje jino. Akapiga goti vumbini.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Haijakauka." Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka, foleni nzima ikageuka. "Irudishe juani, mwalimu."

Katekista akafunga gunia lake taratibu, bila kumtazama tena. Meneja akamvutia Benadetha kiti cha karani. Akakaa, macho yamejaa machozi, akaogopa kuyapangusa mbele za watu.

"Anayefuata," akasema.