Chemchemi Iliyokatwa kwa Mkasi

Kwa miaka thelathini na moja ofisi nzima ya ramani ilimwita baba yangu Bwana Chemchemi, na haikuwa kwa heshima. Yeye hakuwahi kuitika. Enzi zake za upimaji aliapa kwamba ndani ya lile korongo la jangwani, chini ya jabali lililoinama, kuna maji, na kwamba ameyachora. Wakaitazama karatasi yake: mistari ya mwinuko na mawe, basi. Akastaafu akiitwa mwongo.

Mimi nikarithi kazi pamoja na kejeli. Siku ya kukamilisha ramani mpya ya korongo, mkuu wa idara aliniambia, kwa upole unaoudhi, kuwa bila ushahidi kufikia saa kumi chemchemi haiingii. Picha za angani zilionyesha kivuli tu.

Nikaingia stoo na hasira zangu. Karatasi ya baba ilikuwa imegundishwa na jirani yake, kingo zimekutana vizuri mno. Ndipo nikakumbuka mtindo wa zamani: kabla ya kuunga karatasi mbili, walikata pambizo. Na korongo lile linachomoza kidogo nje ya fremu, kisha linarudi. Kwa ubishi wa baba, angelifuata hadi pambizoni, hata kama mchoraji wa karatasi jirani hakufika huko.

Sasa vipande vilikwenda wapi? Stoo ile haikutupa hata uzi. Nikazitazama droo, kila moja na lebo yake ya karatasi nene, nene kama ya ramani. Nikalowesha kitambaa, nikaanza kubandua. Ya tisa iliandikwa “Misumari na Kamba.” Nyuma yake palikuwa na mistari ya korongo, duara dogo la buluu, na mwandiko wa baba: Maji matamu. Nimekunywa.

Nililia, nikacheka, nikachukua kipande pamoja na karatasi ya baba, nikatoka mbio. Mkuu alikiweka kipande kwenye ukingo wa karatasi, na mistari yote ikaungana. Alikohoa, akaagiza chemchemi ichorwe. Kesho yake kikosi chetu cha wapimaji kilichopiga kambi huko kiliteremka kwa kamba, kikatuma habari kwa redio kuwa maji yapo, tena baridi.

Jioni nilimtandikia baba ramani mezani. Alivaa miwani, akafuata korongo kwa kidole mpaka kwenye buluu. Machozi yalimtoka na hakuyaficha.

“Mwanangu, hebu niite lile jina langu la ofisini.”

“Bwana Chemchemi.”

“Naam,” akaitika.