Sehemu ya Pili ya Diski

Kwa maneno ya jirani, fundi cherehani wa ukuta wa pili, nyumbani kwa mkunga maiti huongea kila saa nne asubuhi. "Kwa masikio yangu haya mawili!" aliapa, pini zikiwa mdomoni. "Marehemu anahema, anaomba maji, halafu mkunga anapiga yowe. Mwiteni shehe, mwiteni padri, mwiteni hata fundi umeme, mimi sichagui!"

Aliyeitwa ni msichana wa steshenari, yule anayechapa barua na kufufua kompyuta za watu. Aliishia darasa la saba, lakini mkono wake ulikuwa mtulivu, na hakuyumbishwa na maneno ya mtu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Usimsikilize yule, ulimi wake umeshonwa bila fundo."

Maiti hakuwepo. Kulikuwa na kompyuta ya marehemu binti wa mkunga, aliyekuwa mpiga picha, na diski yake nyeusi ya kuchomeka kwa waya. Diski ilikuwa imegawanywa sehemu mbili. Moja ilikuwa na picha za maisha yake yote. Ya pili, baada ya mazishi, mwenzake wa kazini alihamishia humo kila kilichokuwa kwenye simu yake, pamoja na video aliyojirekodi wodini siku ya mwisho. Kompyuta haikujua kubagua. Ukichomeka waya, inafungua zote mbili na kuianzisha ile video yenyewe. Kila asubuhi saa nne mkunga hujaribu, kisha huurukia waya na kuuchomoa. Miezi miwili sasa, hajaona hata picha moja ya mwanawe.

"Tuifute hiyo video?"

"Kuifuta? Nimzike mara ngapi?"

"Basi tuifungie mlango, mama. Itabaki humohumo, ila kompyuta haitaigusa mpaka mtu aifungue kwa mkono wake."

Kila sehemu ina namba yake, ndefu, herufi na tarakimu zimechanganyika. Ukiiandika kwenye orodha ya zile zisizofunguliwa, kompyuta inaipita kama upitavyo mlango wa mtu msiyesalimiana. Tatizo, diski iligawanywa kama mkate, nusu kwa nusu, wala hakuna nusu iliyopewa jina. Msichana alinakili namba moja kwenye daftari, akaihakiki mara tatu, akaiandika kwenye orodha, akawasha upya, akachomeka.

Alikuwa amezifungia picha.

Uso uliokauka ukajaa kiooni. "Maji," ikasema sauti. Mkunga akajiziba masikio.

"Toka kidogo, mama. Toka!"

Mkunga akatoka, mlango ukabaki wazi nusu. Msichana akachomeka hedifoni, sauti ikahamia kwake peke yake. Angeweza kuizima. Kidole kilifika kwenye kitufe, kikarudi. Aliona haya kumkatiza mtu anayekata roho. Akasikiliza mpaka kukawa kimya. Ndipo akafuta namba ile, akaandika nyingine, herufi moja moja, akichelewa kwa sababu macho yalikuwa yamejaa.

Alipomwita mkunga ndani na kuchomeka tena, lilifunguka dirisha moja tu. Maharusi. Watoto wasio na meno ya mbele. Na binti mwenyewe mbele ya kioo cha kabati, kamera imemficha jicho moja, ulimi nje.

"Mwone mpuuzi huyu!" Mkunga alicheka, akagusa shavu la binti kwa kidole. "Mwone! Alikuwa hivi tangu mdogo, ukimwambia tulia ndiyo umemchochea."

Alizipitia picha arobaini, pengine hamsini. Kisha mkono ukasimama.

"Siku ile nilikuwa kwa mke wa mwashi. Mtoto ametanguliza miguu. Nikatuma neno hospitali, namalizia hapa nakuja." Akajifuta pua kwa mgongo wa kiganja. "Yule mtoto mzima. Juzi kaletwa nimwone, mnene."

Msichana alianza kukunja waya wa hedifoni.

"Mimi nimekuzuia usifute, na kusikiliza siwezi. Lakini wewe umesikia mpaka mwisho, nimeuona mgongo wako kutoka mlangoni." Mkunga alimgeukia. "Niambie, mwanangu. Aliniita?"

Waya ulizunguka vidole mara moja, mara mbili, mara tatu. Mkunga alivuta kigoda karibu, akakaa, akasubiri.