Kitanda cha Pimamaji

Jumatatu, tarehe tatu Machi. Mvua ya alfajiri ilikuwa imekatika, mawingu yamebaki chini chini, na upepo wa baridi ulipita kwenye madirisha yasiyo na vioo ya ukumbi mpya wa shule. Humo ndani, fundi wa vigae aliyeitwa Pimamaji alikuwa amepiga magoti katikati ya sakafu, mwiko mkononi, na hawezi kuinama.

Jina hilo walimpa mafundi wenzake. Wengine hukiweka sakafuni kila mara kile kifaa cha kupimia usawa kiitwacho pimamaji, chenye kipovu cha hewa kinachoogelea ndani ya maji. Yeye alitupa jicho tu, akasema upande wa kushoto umelala, na kifaa kilipoletwa kilimkubalia. Alikuwa ameishi kwa magoti. Kwa magoti alisomesha watoto, na kwa magoti, kila jioni kando ya kitanda, paji la uso likiwa juu ya godoro, alimshukuru Mungu.

Sasa kiungulia kilikuwa kimempindulia maisha. Kila alipoinama kugonga kigae, moto ulipanda kutoka tumboni, ukapita kifuani na kufika kooni na uchachu wa kukunja uso. Akigonga viwili vitatu, aliinuka, akameza mate, akashika kifua. Hata sala aliisali ameketi kitini, mgongo wima, kama mtu anayesubiri zamu kwa kinyozi. Hilo lilimuuma kuliko koo.

Msimamizi wa ujenzi, mama mpole asiyependa kurudia neno, alimtazama kwa muda kisha akamwambia bila kuzunguka.

"Fundi, nakuheshimu. Lakini sakafu hii haiendi. Nakupa mwezi huu. Ukishindwa, naleta fundi mwingine, na wewe utakaa stoo utunze saruji."

Kutunza saruji! Pimamaji alisikia kama ameambiwa akagande pamoja nayo. Shemeji yake, kaka wa mkewe, ndiye aliyekuwa akikoroga saruji pale, na hakuwa mtu wa kuacha utani upite hivi hivi.

"Usijali, shemeji," alisema. "Stoo kuna kiti. Utakuwa unapima usawa wa mifuko."

Mchana huo Pimamaji alikwenda zahanati. Daktari alimchunguza vizuri, akampa dawa za wiki chache, akamwambia dawa peke yake hazitamtosha. Juu ya tumbo kuna mlango, alimweleza, na wake umelegea. Tumbo likijaa, au mtu akiinama au kulala chakula hakijashuka, tindikali hurudi juu. Kwa hiyo ale kidogo kidogo. Aache vya kukaanga, pilipili, kahawa kali, na ile soda aliyokuwa akinywa ili acheue. Alegeze mkanda. Chakula cha jioni akile mapema, asilale mpaka zipite saa tatu. Na kitanda akinyanyue upande wa kichwani kwa shibiri moja, kwa kitu kigumu chini ya miguu ya kitanda, kwa sababu mito mingi humkunja mtu tumbo tu. Akiona chakula kinakwama kooni, au akitapika damu, arudi mbio.

Alitii kama mtu aliyeagizwa na mbingu. Mkewe, fundi cherehani, alianza kufunga duka mapema ili chakula kiive jua lingalipo, akapunguza mafuta, akapunguza na sahani yenyewe. Kazini Pimamaji alipindua ratiba. Asubuhi, tumbo likiwa na uji mwepesi, alifanya sakafu, na baada ya chakula cha mchana alihamia vyooni kubandika vigae vya ukutani akiwa amesimama. Mkanda mzito wa kubebea vifaa aliuvua, vifaa akavitia kwenye ndoo.

Kilibaki kitanda. Alikata magogo mawili, akayaweka chini ya miguu ya upande wa kichwani, akarudi mlangoni kutazama. Kitanda kilikuwa kimelala upande. Mwili mzima ukamsisimka. Alileta kifaa chake, akakiweka juu ya ubao wa kitanda, na kipovu kikakimbilia pembeni. Mtu aliyekula kiapo moyoni kwamba hataacha kitu kimepinda nyuma yake angelalaje hapo? Mkono ulikwenda wenyewe. Aliweka gogo moja upande wa miguuni, kisha la pili, akachonga hapa, akapachika pale, hadi kipovu kikatulia katikati kabisa. Akalala ameridhika.

Mkewe, ambaye urefu haukuwa fungu lake, alianza kupanda kitandani kwa kigoda cha cherehani. Hakuuliza. Alidhani ni amri ya daktari.

Kiungulia cha mchana kilipungua, lakini kila alfajiri Pimamaji aliamka koo linawaka, na asubuhi, wakati wa sakafu, kifua kilikuwa kidonda. Mwezi ulikuwa unakwenda na nusu ya ukumbi bado ni zege tupu. Akiwa kwenye kiti chake cha sala aliuliza, Mungu wangu, ni agizo gani sijalitii?

Jumapili moja shemeji alikuja kuwatembelea, akachungulia chumbani.

"Dada, siku hizi mnalala darini?"

Mkewe alicheka, kisha akainama kutazama uvunguni. Alipoinuka, alimuuliza mumewe daktari alisema anyanyue wapi.

"Kichwani."

"Na haya ya miguuni?"

Pimamaji alikuna kidevu. "Kilikuwa kimepinda."

Shemeji alishika ukuta kwa kicheko. Lakini mkewe hakucheka tena.

"Baba watoto, bafu letu ulilijenga wewe. Sakafu yake iko sawa?"

"Haiwezi kuwa sawa. Lazima iwe na mteremko, la sivyo maji yatasimama."

"Basi na ndani yako yamesimama," alisema mkewe. "Bafu umelipa mteremko, mwili wako umeunyima."

Hapo alielewa. Alilala kifudifudi uvunguni, akayatoa magogo ya miguuni kwa mkono wake mwenyewe. Usiku huo aliteleza taratibu hadi nyayo zikagusa ubao. Kesho yake mkewe alishona kitambaa kizito cha kukwaruza chini ya godoro, na hakuna aliyeteleza tena. Haikupita wiki, akaamka kinywa kikiwa kitamu, kama mtu aliyekunywa maji ya mtungi.

Basi kazi ikaonekana. Alishuka magotini asubuhi na hakuinuka mpaka amalize mstari mzima wa vigae. "Saruji!" aliita, na kabla shemeji hajageuka, "Saruji!" Shemeji alilalamika kwamba ni yeye sasa atakayeomba kwenda stoo. Vigae vilitembea kutoka ukuta hadi ukuta, vikazunguka nguzo, vikafika mlangoni.

Siku ya mwisho ya mwezi msimamizi alikuja na kifaa chake mwenyewe. Alikiweka katikati, pembeni, karibu na jukwaa. Kila mahali kipovu kilisimama katikati kama askari. Alilificha tabasamu lake, akatoa mkono. "Stoo nitatafuta mtu mwingine," alisema.

Kilikuwa kimebaki kigae kimoja mlangoni, na mke wa Pimamaji alikuwa ameitwa akishuhudie. Pimamaji alikigonga, kisha, mbele ya wote, akainama mpaka paji la uso likagusa sakafu, akamshukuru Mungu kwa kirefu. Hakuna kilichopanda isipokuwa machozi.

Alipoinuka, shemeji alikuwa amemshikia soda baridi, jicho limejaa uchokozi. Pimamaji aliipokea, akamrudishia.

"Kunywa wewe, shemeji. Na mnisikie nyote, mke wangu, mama msimamizi, mafundi wenzangu, na Mungu anasikia. Jua likizama, sahani yangu itakuwa imeshaoshwa. Na sakafu za watu nitazipima mpaka nife, lakini kitanda changu sitakipima tena."